Wivu Wangu kwa Vestine na Upasuaji wa Watoto Wetu

Kwa Karenzi, Rugerero,
B.P. 112,
Gisenyi, Rwanda.

21 Novemba 1999

Mpendwa dada yangu Pascasie,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Mpanda, wewe na shemeji na watoto wote, na kwamba mvua mlizokuwa mnazingojea zimeshafika. Mguu wa mama unaendeleaje? Bado mnaukanda kwa maji ya moto, au ameshaanza kutembea mwenyewe mpaka kisimani?

Sisi hatujambo. Karenzi wangu bado anaendesha lori la mchanga, na siku hizi barabara ya Kanama inapitika mpaka jioni, jambo ambalo mwaka jana, wakati wa mashambulizi, tuliogopa hata kuliomba. Viazi vimetoka vingi. Baridi ya hapa bado sijaizoea, mwaka wa nne huu.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na jambo ambalo nilitaka nikueleze lote au nisikueleze kabisa. Leo nalieleza lote. Ukimaliza kusoma usimsomee mama. Mwambie tu kwamba Kwizera amefanyiwa upasuaji na anaendelea vizuri, inatosha.

Unakumbuka alivyozaliwa. Wewe ndiye uliyeona kwanza kwamba tundu la mkojo halikuwa kwenye ncha, lilikuwa chini, karibu katikati ya uume, na uume wenyewe umeinama kama unatazama miguu. Tukasema akikua utanyooka. Alipotimiza mwaka tukampeleka kwa yule mzee wa tohara, tukidhani huenda kisu kitasaidia. Wewe ulimshika miguu, mimi mikono.

Hapa Gisenyi mtoto amekua akichuchumaa kila anapokwenda haja ndogo. Mwaka jana wenzake wa chekechea walimgundua wakamcheka, naye akaanza kubana mkojo mpaka arudi nyumbani. Mara nyingine ulimtoka njiani. Mama mkwe hakunitukana hata siku moja, ila alikuwa na namna yake ya kusema kwamba katika ukoo wao jambo hilo halijawahi kuonekana. Maana yake nililileta mimi kutoka Tanzania, ndani ya mizigo yangu.

Sasa nikueleze Vestine ni nani, maana nadhani nimekutajia jina tu. Ni mke wa Viateur, mdogo wake Karenzi. Ua wetu ni mmoja. Ni mzaliwa wa hapa hapa, ana shangazi na wajomba Goma, na kila asubuhi anavuka mpaka na beseni la karoti na vitunguu kichwani. Kinyarwanda chake kinatiririka. Changu unakijua, kile cha kambi ya wakimbizi, hata mimi na yeye tukiwa wawili tunaongea Kiswahili, yeye kile chake cha Goma. Akiketi na mama mkwe wanacheka mpaka machozi yanawatoka. Nikifika mimi, wanasimama kwanza wanifafanulie kilichowachekesha, na kikishafafanuliwa hakichekeshi tena. Hakunikosea kitu, dada. Lakini wivu hausubiri mtu akukosee.

Januari ya 1996 Vestine alipomzaa Janvier, wanawake waliomwosha mtoto walinyamaza ghafla. Alikuwa na hali ile ile ya Kwizera. Dada, nilifurahi. Nilimpikia uji wa mzazi huku nikiimba. Nilisema moyoni, sasa tuone kama na hili limetoka Tanzania.

Mwezi wa saba mwaka huu ilitangazwa kanisani kwamba daktari wa upasuaji wa watoto atakuja hospitali mwezi wa tisa kwa wiki moja, na wenye watoto wenye kasoro za kuzaliwa wawaandikishe mapema. Vestine hakuwepo, alikuwa Goma. Sikumwambia. Jumanne nikamchukua Kwizera peke yangu.

Nilidhani niko peke yangu duniani. Kwenye benchi nilikuta akina mama kumi na mmoja wenye watoto wa kiume. Huyu kokwa lake moja halijashuka, yule ana ngiri, mwingine korodani imejaa maji, na wawili walikuwa kama mwanangu kabisa. Tulianza kwa kutazama chini, tukaishia kuonyeshana.

Muuguzi aliyewaandikisha anaitwa Vénuste, mtu mpole. Alimtazama Kwizera, akaacha kuandika.

“Nani alimukata uyu mutoto?”

Nikasema alitahiriwa akiwa na mwaka mmoja. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba ile ngozi ya mbele ndiyo daktari anayoitumia kumtengenezea mtoto njia mpya ya mkojo hadi kwenye ncha. Mtoto aliyezaliwa hivi hatahiriwi kwanza, kwa sababu ukikata umetupa kitambaa cha kushonea. Kwizera itabidi atolewe kipande cha nyama laini ndani ya mdomo, na apasuliwe mara mbili, na kati ya mara hizo asubiri miezi sita. Asiyekatwa hufanyiwa mara moja tu, mara nyingi yakaisha.

Usijilaumu, dada. Hatukujua, na yule mzee naye hakujua. Nakuambia kwa sababu yanayofuata hayaeleweki bila hilo.

Nilitoka pale nikijua kitu ambacho Vestine hakukijua. Jumamosi ya wiki ile ile Janvier alikuwa atahiriwe. Mjomba wake Vestine wa Goma ni Mwislamu, alikuwa akiwatahiri wajukuu wake watatu siku moja, akamwambia amlete na wake. Mbuzi alikuwa ameshafungwa uani kwake.

Jumanne sikusema. Nilijiambia nimechoka. Jumatano sikusema. Alhamisi Vestine alinipa vitunguu vilivyobaki, nikashukuru, nikanyamaza. Ijumaa alikuja kuazima kanga ya kwenda nayo kwenye sherehe, nikampa ile ya zambarau uliyonitumia, nikamfunga kwa mikono yangu, nikamwambia amependeza. Na kilichokuwa kichwani mwangu sikipambi: wakimkata, watoto watakuwa sawa. Sikutaka Kwizera apone tu. Nilitaka asiwepo atakayepona kumpita.

Jumamosi akaniomba nimsindikize mpaka ng’ambo, nimbebee beseni la chakula, yeye ambebe mtoto. Nikaenda. Kwenye foleni ya mpakani Janvier akasema anataka kukojoa. Vestine akamshusha, naye akachuchumaa pembeni ya barabara. Wanawake wawili waliokuwa nyuma yetu wakagusana, wakacheka. Mtoto akajifunika kwa viganja viwili, akainamisha kichwa mpaka magotini. Vile vile anavyofanya wangu.

Nikalitua beseni. “Usimvushe,” nikasema.

“Nini?”

“Janvier. Usimpeleke akatahiriwe. Turudi.”

Alinitazama kama mtu aliyekanyagwa. “Mama Kwizera, we iko na wivu tu. Mutoto yangu anafanyiwa fête ya tohara, na inakuuma.”

“Ndiyo, inaniuma. Lakini usimvushe.” Nikamweleza yote pale pale, foleni ikitupita. Habari ya ngozi, na ya mdomo wa Kwizera, na ya kupasuliwa mara mbili.

Akambeba tena mtoto. Kisha akauliza, “Muganga alikuambia lini?”

Nikajibu, “Jana.”

Tulirudi. Mjomba wake alikasirika na mbuzi akaliwa bila wao. Lakini nyumbani, dada, ningependa ungeona. Viateur alinishika mikono yote miwili. Mama mkwe, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, aliniita mwana wanjye, mwanangu. Nilikuwa nimelitamani neno hilo miaka yote, likaja kwa ajili ya uongo. 

Daktari akaja Septemba, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini. Mama mkwe akamuuliza, Vénuste akiwa mkalimani, ni mwanamke gani kati yetu aliyeleta jambo hili. Daktari akasema halitokani na dhambi wala chakula wala laana, mtoto anaumbika hivyo tumboni na hutokea kwa wengi, na pale linapofuata ukoo mara nyingi hufuata upande wa baba. Mama mkwe akageuka polepole akawatazama wanawe wawili. Karenzi alianza kukagua viatu vyake.

Janvier alipasuliwa Jumatano, Kwizera Alhamisi. Mwanangu alitoka akiwa amefungwa bandeji mpaka tumboni, mpira wa mkojo umening’inia, na mdomo wa chini umevimba asiweze kunywa hata uji. Kitanda cha pili Janvier alikuwa anakula ndizi.

Siku ya nane Janvier akatolewa mpira. Wakamsimamisha nje, nyuma ya wodi. Akasimama kwa miguu yake miwili, akakojoa mbele, ukafika mbali, mwenyewe akashangaa, akageuka kumtafuta mama yake na kumlowesha baba yake suruali. Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka wagonjwa wakachungulia madirishani. Mimi nilitazama kupitia kioo. Nilimshikia Kwizera kikombe kwa nguvu hata akasema, mama, unanimwagia. Mtoto aliyeokolewa na mdomo wangu ndiye aliyekuwa anashangiliwa, na wangu alikuwa bado amelazwa kitandani. Nilitamani ningenyamaza siku moja zaidi. Ndiyo, dada, nililitamani hilo, mimi uliyenilea. Kisha nikaogopa, kwa kuwa nilijua ningeweza.

Janvier akaruhusiwa kwenda nyumbani. Nikafikiri angalau sasa sitamwona Vestine. Lakini alikuja kila siku. Aliacha kuvuka mpaka, karoti zake zikaoza, akawa analeta uji mwepesi kwenye chupa ya chai na kumnywesha Kwizera kijiko kwa kijiko, upande usiouma. Kwizera akawa anamuulizia hata akiwa amelala mikononi mwangu. Wivu ukapata chakula kipya.

Siku ya kumi na mbili tulikuwa bombani tukifua mashuka, yeye akikamua upande mmoja na mimi upande mwingine. Akasema hajui atanilipa nini maisha yake yote. Nikashindwa kuficha zaidi.

“Vestine, si jana,” nikasema.

“Nini si jana?”

“Siku ile mpakani. Nilikuambia muganga aliniambia jana. Aliniambia Jumanne. Nilijua siku nne. Nilikufunga ile kanga nikiwa najua.”

Shuka lilibaki kati yetu, maji yakidondoka. Hakulia wala hakunipigia kelele. Akauliza kwa sauti ndogo, “Juu ya nini?” Ndivyo wanavyosema kwa nini kule Goma.

Nikamwambia ukweli. Kwamba ana ndugu hapa, mimi sina. Kwamba mama mkwe anampenda. Kwamba nilitaka watoto wetu wabaki sawa.

Alilimaliza kulikamua lile shuka peke yake, akalianika, akalinyoosha pembe zote nne. Kisha akasema, “Bon. Leo usiniongeleshe,” akachukua chupa yake ya uji akaondoka.

Ningekuwa yeye ningeutangazia ua mzima. Hakumwambia mtu, hata Viateur, ninavyoona. Ila kwa wiki sita hatukusalimiana. Tulipishana mlangoni kama wapangaji. Mama mkwe aliuliza kuna nini, Vestine akajibu ni uchovu. Kwizera alitolewa bandeji, tukarudi naye nyumbani. Uume umenyooka sasa, hauinami tena, na Vénuste ameandika kwenye karatasi ya daktari kwamba nyama imeshika vizuri. Lakini bado anachuchumaa, kwani njia yenyewe ya mkojo itashonwa katika upasuaji wa pili, daktari atakaporudi mwezi wa tatu.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Vestine alisimama mlangoni kwangu. Hakuingia. Alikuwa amevaa vizuri, na kama kawaida alipendeza, na kama kawaida nililiona hilo kabla ya jambo lingine lolote.

“Ile ya pili iko mwezi gani?” akauliza.

“Wa tatu.”

“Nitakuja kulala naye hospitali, wewe upumuzike. Lakini usifikiri ni juu yako. Ni juu ya mutoto.”

Nikasema asante. Akasema, “Usiniambie asante. Mi bado niko na kasirani.”

“Mimi bado nina wivu,” nikamjibu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusema uongo.

Midomo ikamcheza kidogo, nadhani alikuwa anazuia kucheka, ila siwezi kuapa. Kisha akaenda zake. Nilikaa kitako kwenye kizingiti pale pale, nikalia. Tangu niondoke kwetu, ndiye mtu wa kwanza hapa niliyeongea naye ukweli.

Dada, niombee. Siombi Mungu aniondolee wivu wote, naona ni mwingi mno kwa sala moja. Namwomba tu wivu huo usinitangulie mdomoni.

Nisalimie mama kwa heshima zote, na shemeji, na binti yako Murekatete, mwambie anasubiriwa hapa akimaliza darasa la saba. Karenzi anawasalimu. Kwizera anasema shikamoo shangazi, nimemwambia wewe ni mama mkubwa, akasema basi shikamoo mama mkubwa. Mungu awalindie afya, mvua na amani ya nyumbani, hiyo ya mwisho zaidi.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hata kwa wivu wake anakupenda,

Kabatesi