Mjomba Wako Alitaka Kuona Mshono

Mwanangu Salma,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hujaanza kusoma. Huku Rungwa jua ni kali, na chai naletewa yenye asali badala ya sukari.

Mjomba wako anahema vibaya, kama mimi kabla ya matibabu. Daktari alishamwambia vali ya moyo wake, kile kilango cha kupitishia damu, imebana, ila anaogopa kupasuliwa kifua. Jana akaniambia, "Nionyeshe walipokupasua." Nikafungua vifungo viwili vya juu. Akatafuta mshono, hakuuona.

"Sasa walipitia wapi?"

"Kwenye mshipa wa paja, kaka. Vali mpya waliipitisha kwa mrija mwembamba mpaka moyoni."

Akacheka, akasema nimedanganywa.

Sikubishana naye. Leo asubuhi nilimwomba anipeleke kwenye mizinga yake ya nyuki, kule kilimani. Njiani alisimama mara tatu kuvuta pumzi, na mara zote mimi nilikuwa mbele nikimsubiri. Mara ya tatu alikaa chini kabisa, akanitazama.

"Zaina, mwaka jana wewe ulishindwa hata kuteka maji."

"Nilishindwa, kaka."

"Jumatatu tuondoke wote, twende huko ulikotibiwa," akasema. "Ila kwa daktari utaingia na mimi."

Nimemwambia madaktari ndio watakaoamua njia inayomfaa, naye amekubali. Mtandikie mjomba wako kile kitanda cha chumba cha mbele, mwanangu. Mungu akutunze wewe na wajukuu zangu. Nawapenda sana.

Mama yako