Propela Iliyoingia Jandoni

Jumatatu, 13 Juni 1994

Bwana Kulwa, meneja wetu, amefika kutoka Makao Makuu na tangazo la ukurasa mmoja. Limebandikwa mlangoni mwa karakana kwa gundi nyingi mno. Shirika letu la ndege linauzwa. Mnunuzi ni kampuni ya nje, jina halikutajwa. Karakana za mikoani ni mbili, yetu ya Masasi na ile ya magharibi. Moja itafungwa. "Inawezekana ikawa Masasi." Inawezekana! Mtu aliyekwisha kuamua asijifanye bado anawaza.

Agizo jingine amelitoa kwa mdomo. Ndege pekee tuliyobaki nayo, ile ndogo ya injini moja, iko juu ya jeki ikifanyiwa matengenezo. Imalizwe, iruke kwenda Dar es Salaam kabla ya Ijumaa. Vifaa vitafuata kwa lori. Sahihi ya kuiruhusu ni yangu. Hapa Masasi hakuna mwingine mwenye leseni.

Mchana mkutano wa tawi la chama cha wafanyakazi. Sipendi kelele, lakini ada nimelipa tangu enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, basi nikakaa. Lukmani, mwenyekiti wa tawi, alisimama juu ya pipa la oili. Fundi mzuri wa injini. Mdomo pia anao. Ndege ikitoka tumekwisha, akasema. Ikibaki, karakana ipo. Makofi. Nikawaambia ndege haizuiwi kwa makofi.

"Kweli, Mzee Cecil," Lukmani akajibu. "Itazuiwa kwa spana."

Wakacheka. Sikucheka.

Jumatano, 15 Juni

Propela haipo! (Neno sahihi ni rafadha, lakini sijapata kumsikia fundi akilitamka. Naandika propela.) Juzi tuliifungua, tukailaza stoo juu ya magunia. Leo yapo magunia tu. Bimdogo, mtunza stoo, amekaa mlangoni anakunywa chai kama mtu aliye likizo.

Nikamuuliza iko wapi.

"Mimi mwanamke, Mzee. Mengine sitakiwi kuyajua."

"Propela si jambo la wanaume."

"Ilikokwenda ndiko kwa wanaume." Akaziba mdomo kwa kanga.

Nikamvuta Lukmani nyuma ya karakana. Alitazama angani kwanza, kisha akasema. Imepanda na lori la salfa ya mikorosho hadi Chilangala, Newala, imezongwa magunia. Mpwa wake yuko jandoni huko. Propela imelazwa ndani ya likumbi, kambini pamoja na wari.

"Meneja hawezi kuingia. Askari wetu ni watu wa huku huku, hawatathubutu. Iko salama kuliko benki."

Nimemwambia ni upuuzi. Ni upuuzi uliopangwa vizuri, lakini hilo sikumwambia.

Sijapiga simu Makao Makuu. Kutopiga nako ni kuchagua upande. Nalijua hilo.

Ijumaa, 17 Juni

Bwana Kulwa amepiga kelele tangu asubuhi. Askari wawili wamepekua dari, choo, hata jiko la Bimdogo. Mmoja, Rajabu, ni mzaliwa wa Newala. Alifunua sufuria ya maharage, akachungulia, akafunika. "Humu hamna propela, afande." Kwa uso mkavu kabisa.

Meneja akanigeukia. "Mzee, wewe ni mtu wa heshima. Unajua iko wapi?"

Nilimjibu kwamba mimi sikuitoa, na sikumwona aliyeitoa. Kweli tupu. Lakini hakuniuliza hayo.

Jioni nimemweleza mke wangu, Mama Salome. Akasema, "Kumbe na wewe unaweza mgomo, Baba Salome." Nikamwambia siko kwenye mgomo. Akaendelea kupepeta mtama, anatabasamu.

Jumatatu, 20 Juni

Hakuna kazi. Nimewaamuru wafagie karakana. Wamefagia.

Jumanne, 28 Juni

Mambo yamegeuka. Simu kutoka Dar, Bwana Kulwa mwenyewe, sauti ya chini. Mnunuzi hataki kuchagua kwa karatasi. Atakuja kuiona kila karakana kwa macho yake. Masasi: Jumamosi tarehe 9 Julai, saa tatu asubuhi. Anataka kuona ndege tuliyoitengeneza wenyewe ikiruka na kutua, ikiwa na sahihi ya hapa. Ikiruka, Masasi itabaki. Isiporuka, vifaa vitapakiwa siku hiyo hiyo.

Lukmani amebebwa juu juu kuzunguka uwanja. "Si niliwaambia? Kama ndege ingekwenda Dar, wangeona nini hapa? Popo?" Ana haki ya kusema hivyo. Nimempa mkono.

Kisha nikasema: haya, ileteni propela.

Alhamisi, 30 Juni

Lukmani amerudi mikono mitupu. Alikaa kwenye tairi, akavua kofia.

Mzee Fikirini, mkuu wa likumbi, amekataa. Kilichoingia likumbini hakitoki kabla ya wari, na wari hutoka bila kubeba kitu. Wari watatoka Ijumaa tarehe 8, alfajiri. Wakishatoka kambi inachomwa moto na kila kilichobaki ndani, na hakuna anayegeuka kutazama. Hivyo ndivyo ilivyo miaka yote. Lukmani alilijua hilo tangu alipokuwa na miaka tisa! Alipoipeleka aliwaza nani asiyeweza kuingia. Kutoka hakukuwaza. Wala mimi.

"Tuitoe kwenye majivu," akasema. "Tuisafishe kwa mafuta ya taa, tuifunge. Nani atajua?"

"Mimi."

"Mzee, ni kuruka mara moja tu."

Propela iliyopata moto haipandi ndege. Chuma chake hulegea ndani, na kwa nje huoni kitu. Hapa kwetu, tangu nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi, anayetia sahihi ndiye anayekaa kiti cha kulia, kando ya rubani, ndege inaporuka mara ya kwanza. Nimemkumbusha.

Propela ya akiba ilipelekwa Dar mwaka jana, ikauzwa. Tumewapigia wenzetu wa karakana ya magharibi watuazime yao. Wanasema simu haisikiki vizuri. Tumepiga tena. Sasa haisikiki kabisa.

Jumapili, 3 Julai

Kanisani. Sikuyasikiliza mahubiri ipasavyo.

Nimemwambia Mama Salome nakwenda Chilangala kuzungumza na Mzee Fikirini. Alicheka hadi akashika nguzo ya baraza. "Wewe? Uliyetiwa jandoni na padri?" Ni kweli. Mimi na rika langu la Lisekese, hapa Masasi, tulitiwa jandoni na misheni: msalaba mlangoni mwa kambi, sala asubuhi na jioni. Watu wa Newala hawajaacha kututania.

Akaniuliza padri akija amwambie nini. Aseme nimekwenda kazini. Ndivyo ilivyo.

Jumatano, 6 Julai

Chilangala. Baridi, ukungu hadi saa nne. Naandika nikiwa kwa ndugu wa Lukmani; wamenipa maji ya kunawa ndoo nzima, na maji huku hupandishwa kutoka bondeni kwa kichwa. Nimetumia nusu.

Mzee Fikirini amenipokea nje ya uzio wa majani wa likumbi, kwenye gogo, na wazee wengine watatu. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ndiwe mwenye chuma?"

"Ni cha Shirika."

"Shirika silijui. Nakuuliza wewe." Kisha: "Ulitiwa jandoni wapi?"

"Masasi. La kanisa."

Wazee wakatazamana. "La padri!" akasema mmoja. "Mlikuwa mnaimba nyimbo za Mungu mkikatwa?"

"Tuliimba."

"Na waliolia?"

"Waliimba kwa sauti kubwa zaidi."

Hapo wakacheka, hata Mzee Fikirini. Nikaona mlango umefunguka kidogo. Nikaeleza: tarehe 9, mnunuzi, karakana, watu watakaokosa kazi. Nikaeleza na moto unavyokiharibu chuma cha namna ile. Alisikiliza vizuri. Akanijibu kwa utaratibu, nami sikuona kosa katika jibu lake.

"Hatukukiita. Mmekileta wenyewe, usiku, kuikwepa serikali. Kimelala na wanetu, kimesikia wanayoyasikia. Sasa ni mwari kama wao. Mwari hutoka na kungwi wake. Hiki hakina kungwi, kwa hiyo hakitoki. Moto utapita."

"Lukmani awe kungwi wake."

"Lukmani ana mpwa. Mtu mmoja, mwari mmoja."

"Wa tawi la chama wapo wengi."

"Nani kati yao ni mkubwa wa chuma hicho? Nani akisema kiende, kinakwenda?"

Hapakuwa na jibu jingine. "Basi mimi."

Mzee mmoja akasema jambo kwa Chimakonde, haraka, nikapata neno "padri" tu. Nikasema kisu kilikuwa kile kile. Mzee Fikirini akapangusa macho kwa kicheko. Amekubali. Masharti: naingia leo, nalala chini, natoka nao Ijumaa. Na kwa kuwa jando langu lilikuwa fupi, nafundishwa upya tangu mwanzo, pamoja na watoto. Nina miaka hamsini na tisa!

Nikaomba kwanza niione propela. Hapana. Imekwisha kufungwa nguo, na mwari hafunuliwi hadi afike nyumbani.

"Usiwe na shaka," akasema. "Mzima. Analia vizuri sana."

Sikumwelewa. Naingia sasa. Daftari hili linabaki nje.

Ijumaa, 8 Julai

Masasi, alasiri. Ya ndani hayaandikwi. Naandika yaliyoonwa na wote.

Tumetoka jua likichomoza. Wari mbele, vichwa vimefunikwa. Propela nyuma yao, mimi nimebeba upande mmoja begani, mzee mmoja upande wa pili. Moto ulilipuka nyuma yetu. Niliusikia, niliuhisi shingoni. Sikugeuka.

Vigelegele. Bimdogo alikuwa amekuja na lori tangu jana na kanga mpya, kwa sababu mwari huvikwa nguo mpya. Akaizungushia propela kanga mbele ya watu wote. Wanawake wakamshangilia: "Hongera, mama mwari!" Naye: "Ahsanteni. Mwanangu huyu ni mzito kama baba yake." Sijui alimkusudia nani. Lukmani alikuwa na mpwa wake mabegani, analia waziwazi, hakujificha.

Magoti yananiuma. Jina jipya la propela ninalo. Siliandiki.

Tumefika karakana saa nane mchana. Wote wakakusanyika. Nikaifunua.

Imepakwa mafuta, inang'aa. Na ukingoni mwa bapa moja, mojawapo ya mapanga yake, kuna pengo. Dogo, la ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Chuma kimebonyea kwa kupigwa na chuma.

Analia vizuri sana. Sasa nimeelewa. Kabla ya kufungwa nguo, waliitundika. Walikuwa wakiigonga kila alfajiri kuwaamsha watoto.

Hakuna aliyefanya ubaya. Ukiwapa watu chuma kizuri chenye mlio, watakigonga. Ningewaambia nini, na hatukuwaomba ruhusa tulipokileta?

Lukmani akauliza, "Mzee, itafaa?" Nikamwambia aifunge kwenye ndege, asiulize. Kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu pengo lisawazishwe kwa tupa hadi ukingo uwe laini. Kinaweka na mpaka: bapa lisipungue upana kupita alama. Pengo likibaki, hata kidogo, ufa huanzia hapo, na bapa hukatika angani. Nitaanza asubuhi, macho yakiwa mapya.

Jumamosi, 9 Julai

Saa mbili na robo. Propela imefungwa mahali pake. Nimepiga tupa tangu kulipopambazuka, polepole, upande mmoja. Sasa nimepumzika kidogo ili mkono utulie. Ndiyo sababu naandika.

Hali ni hii. Pengo limekuwa alama nyembamba kama unywele. Naiona kwa kioo cha kukuzia. Kwa kidole sihisi kitu. Upana wa bapa umefika karibu kabisa na mpaka. Nikipiga tupa tena, alama itakwisha. Au bapa litavuka mpaka kwanza. Sijui kipi kitatangulia; mpaka ukitangulia, sitii sahihi.

Bwana Kulwa yuko hapa, amekuja na rubani, amevaa tai. Amesoma kitabu juu ya bega langu. "Alama hiyo hata haionekani, Mzee. Weka sahihi tu." Karibu wiki nne zilizopita alitaka kutufunga, leo anataka karakana yake ibaki. Nimemwomba asogee, ananizuilia mwanga.

Bimdogo ameniletea chai. Akaiweka, akaizunguka ndege, akapanda ndani, akaketi kiti cha nyuma. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Mwari akitembea mara ya kwanza, mama yake hubaki nyumbani?"

Kisha Lukmani akapanda. Akafunga mkanda, akashika magoti, macho mbele. Mwenyekiti wa tawi ninamjua tangu akiwa mwanafunzi. Ndege anazitengeneza, kupanda anaogopa. Hajapata kupanda hata moja.

Nimewaambia washuke, sijatia sahihi. Lukmani akasema, "Tunajua, Mzee. Tunakusubiri." Bila utani.

Kiti cha kulia wameniachia.

Mlio unasikika upande wa Mtwara. Ndege ya wageni, wamewahi. Watoto wa shule wanakimbilia uwanjani. Kulwa anaweka tai sawa.

Mkono umetulia. Nachukua tupa.