Jeraha Nililolikosa Mwilini Mwako

Mamangu,

Amani iwe nawe huko ulikotutangulia. Nyumba ya Kibokoni iko vile vile, ila nduguyo, Mjomba Twahiri, amekata mguu, haji tena, na sababu ni mimi.

Siku ya kukuosha nilikutazama kuliko inavyofaa. Kovu la pafu ulilopandikizwa London nilikuwa nalijua. Nilitafuta la pili, la safari ile Mjomba aliyokurudisha huko kwa kuwa njia ya hewa ilikuwa ikiziba pale pafu jipya lilipoungwa. Alituambia umetiwa kijineli, kibomba kidogo cha waya cha kuipanua. Sikuona hata mchubuko. Nikasema moyoni, huyu hakukufikisha kwa daktari.

Na ningemwambia nani? Muoshaji hatoi nje aliyoyaona kwa maiti. Shaka ikanila. Kwenye hitima Mjomba aliniletea mkono niubusu, nikajifanya nahangaika na sinia la halua.

Juzi tulikutana Marikiti, akaniuliza kosa lake. Nilimuuliza tu walikupasua wapi.

"Hawakumpasua mahali," akasema. "Walimpitishia mpira mwembamba kinywani hata ndani, wakaitanua ile njia, wakakiacha kijineli."

Sikumwamini. Mtu atiwe waya kifuani bila kukatwa? Nikamwona ameshajipangia maneno. Nilirudi nyumbani nimefura, nikapanda ngazi, na katikati nikasimama. Hapo ndipo tulipokuwekea kigoda upumzike, kifua kikikupigia mluzi. Sasa kigoda kimewekwa masufuria. Tangu lini?

Tangu uliporudi safari ile, Mama. Ulirudi sauti imekauka, hutaki ila uji uliopoa, walalamika koo, nami nikakuona wadeka; kumbe ni ule mpira uliopita kinywani. Lakini ngazi ulizipanda moja kwa moja huku wanigombeza, na mluzi sikuusikia tena. Homa ya mapafu iliyokuchukua ilikuja baadaye sana. Nimelia pale pale ngazini.

Ulikuwa ukiniambia, "Wewe hata malaika utamtaka kipande, akuthibitishie kuwa ni malaika." Ni kweli. Hata sasa nataka kumuuliza Mjomba kijineli kilikuwa na urefu gani.

Ijumaa nitakwenda kwake Majengo nimbusu mkono na kumtaka radhi. Nilichokiona mwilini mwako sitamwambia; hicho nitakufa nacho. Nakuahidi nitamrudisha nyumbani. Masufuria nimeyaondoa na kigoda nimekipangusa, maana magoti yake siku hizi hayamalizi ngazi.

Pumzika, Mama.

Mwanao,
Zuhura