Mashine ya Baridi na Ubatizo wa Binti Yetu

Sumbawanga,
Jumamosi asubuhi

Mpendwa Mama Gwamaka,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na binti yetu ambaye sijamwona namsalimu kwa kuinama. Je, mgongo umeacha kukuuma? Gwamaka ameshakubali kwamba mdogo wake harudishwi alikotoka? Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo asubuhi huwa siyahisi mpaka saa nne.

Barua yako nimeipata. Nimesoma kwamba mchungaji amepanga ubatizo Jumapili ya mwisho ya mwezi, na kwamba baba mkwe amesema nisipofika atasimama yeye mahali pangu. Ningekujibu siku ileile, lakini likizo yangu ilikuwa imekwama ndani ya mashine.

Ni hivi. Makao makuu Dar es Salaam waligawa mashine kwa ofisi zao zote za mikoani, kila mkoa moja, kwa sababu mikoa yote ni sawa. Yetu ililetwa na lori, na hati ya kupokelea, niliyoisaini mimi, iliandikwa: "Mashine ya baridi, moja." Ofisi nzima ilifurahi. Mama Yustina anayetupikia chai, mtu wa Malangali hapahapa mjini, ndiye aliyetufafanulia.

"Dawa ya kikohozi si inaondoa kikohozi? Basi na hii itaondoa baridi."

Hakuna aliyebisha, hata mimi msoma magazeti. Baridi ya kwetu Tukuyu huja na mvua, mtu akajifungia ndani yakaisha. Ya huku Ufipa huja na upepo, na haipigi hodi. Mkuu wetu, Ndugu Rajabu, ni mtu wa Lindi. Anasaini mafaili amevaa makoti mawili.

Kwa kuwa niliwahi kufufua redio ya ofisi kwa kisu cha mezani, karani mimi nikageuzwa fundi. Tukatoboa ukuta wa chumba cha mkuu, tukaipachika. Nikawasha, kimya. Plagi nzima. Nikafungua ubao wa umeme, nikakuta fyuzi imeungua, nikatia waya mpya. Safari hii feni ikazunguka, lakini ile injini ya ndani haikunguruma, na hewa iliyotoka ilikuwa ileile ya uwanjani. Nikatoa chujio nikalikung'uta vumbi la safari. Nikakaza nyaya. Nikazungusha swichi yake mpaka mwisho wa kulia, kisha wa kushoto. Siku nne nzima, na Mama Yustina kila akipita ananiuliza mgonjwa ameamkaje.

Ndipo ikaja habari kwamba mkaguzi wa makao makuu yuko njiani, anakagua kama mashine zinatumika. Mali ya umma, mpya, haifanyi kazi, na sahihi ni yangu. Watu wameitwa wahujumu uchumi kwa madogo kuliko hayo. Ndugu Rajabu akaniita. Kabla sijagusia likizo, akanijibu.

"Ndugu Ambakisye, mashine ikinguruma, unakwenda kwa mkeo. Isiponguruma, tutabaki hapa wote tukimweleza mkaguzi."

Juzi Alhamisi Mama Yustina alimhurumia mkuu, maana vidole vilikuwa havishiki kalamu. Akaleta jiko la mkaa, akalitua chini ya mashine, ndipo palipokuwa na nafasi. Hatujamaliza chai, mashine ikanguruma, dirisha likatetemeka, tukamwagiwa baridi ambayo hata Wafipa wenyewe hawajapata kuiona. Mama Yustina akanitazama kwa masikitiko.

"Baba, umeitengeneza kinyume."

Nikaifungua tena, nikachungulia. Puani mwake kuna kijiti cha shaba kinachoonja hewa ya chumba. Hewa ikiwa ya joto, injini huamshwa. Ikiwa baridi, huachwa ilale. Haikuwa mbovu hata siku moja. Ilifika Sumbawanga, ikaonja, ikakuta kazi yake imeshafanywa.

Nikamweleza mkuu. Akafunga vifungo vya koti la juu.

"Kwa hiyo ni ya kuleta baridi."

"Ndiyo, Ndugu."

"Huku?"

"Huku, Ndugu."

Jana mkaguzi akaingia na shati la mikono mifupi. Tukamkaribisha karibu na jiko, kama ustaarabu unavyotaka, mashine ikiwa juu yake. Nikawasha. Haikuchukua muda ikanguruma. Mkaguzi akaandika kwamba inafanya kazi vizuri sana, akapigia mstari, kisha akaniinamia akauliza kwa sauti ndogo kama inazimika. Nikamwambia tukitoa jiko italala yenyewe. Akalitazama jiko, akaitazama mashine, akaomba nichomoe plagi. Akiwa bado anaota moto, Ndugu Rajabu akaivuta fomu yangu ya likizo, akaisaini bila kuuliza siku ngapi.

Naondoka Jumatatu ya wiki ijayo kwa basi la Tunduma. Barua hii namkabidhi dereva wa lori anayekwenda Mbeya leo, ili initangulie.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa yake ya kifua imenifaa. Msalimie kaka anayetuchungia ng'ombe, na shangazi aliyekushika mkono siku ya kujifungua. Huyo nitamshukuru mwenyewe. Mwambie mchungaji asiguse maji kabla sijashuka kwenye basi. Na baba mkwe mpe shikamoo yangu na heshima zote, ila siku hiyo akae kwenye benchi lake. Mahali pangu nakuja kusimama mwenyewe.

Ni mimi mumeo,
Baba Gwamaka, na baba wa huyo asiye na jina bado