Mluzi wa Baba

Kaka yangu mpenzi,

Salamu zisubiri kwanza, maana furaha hii haikai kifuani. Baba anapiga mluzi tena!

Kumbe miaka yote ile alikuwa anaipoteza bure dawa ya pampu yake ya pumu. Muuguzi mpya wa zahanati alimwambia, "Mzee, hebu nione unavyoitumia." Baba akaitia mdomoni, akabonyeza, papo hapo akapuliza nje kwa nguvu zote, vilevile anavyopeperusha vumbi kwenye ubao aliotoka kuupiga randa. Dawa yote hewani! Muuguzi alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee wangu, hii huipulizi, unaivuta. Itikise, toa pumzi, bonyeza huku unavuta taratibu, halafu bana pumzi kidogo."

Wiki chache tu, na sasa anapanda ngazi za karakana bila kushika ukuta. Mama analalamika eti mgonjwa wake amerudia ubishi.

Leo asubuhi msumeno ukinguruma, akatuita kwa miluzi kama tulipokuwa wadogo, kila mtoto na mluzi wake. Akapiga wangu, nikakimbia. Akapiga wa mdogo wetu. Kisha, kaka, akazima msumeno na kupiga wako. Yeye yuleyule aliyeapa mbele yetu, siku ile mlipogombana, kwamba hatakuita tena!

Akabaki anautazama mlango.

Nikamwambia, "Baba, yuko mbali, hawezi kusikia."

Akasema, "Basi mwandikie."

Ndiyo maana nimekuandikia.

Mdogo wako, mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye kope