Gitaa Lisilovuka Kitanda

4 Februari

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na mkazamjomba anaendelea kupata nafuu baada ya kupasuliwa kichwa. Mimi sijambo, ofisi mpya ina viti vizuri kuliko kazi.

Nimepokea agizo lako, nami naomba ruhusa ya kulipinga. Gitaa unalolitaka, lile dogo la zamani lenye kiuno chembamba, nimelitafuta katika vitabu vitatu. Viwili havikulitaja kabisa. Cha tatu kinasema lilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, na kwamba mbavu za mti zilizogundishwa chini ya ubao wake wa mbele ni nene kupita kiasi, hivyo ubao hautikisiki na sauti hufia mikononi mwa mpigaji. Kiwanda chenyewe kilikwisha fungwa. Je, mtu aliyepiga gitaa harusini kwa miaka thelathini anastahili chombo cha kujifunzia? Niruhusu nikununulie kubwa.

Mpwa wako

17 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, Bwana Shahada. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanayolalamika.

Kubwa ninalo. Liko juu ya kabati, kwa sababu tangu mkazamjomba wako atoke hospitali, hata kijiko kikianguka hushika kichwa. Daktari anasema huenda ikawa hivyo kwa miezi, huenda ikawa daima. Nikilipiga lile kubwa, hata kwa ncha za vidole, anajifunika mto. Na huyu ndiye mwanamke aliyekuwa akikaa mstari wa mbele mpaka nyuzi zikatike.

Zamani nilifundishia gitaa hilo dogo. Wenzangu walilicheka, wakasema ni la kubembelezea panya. Lakini sauti yake ni kavu, ya karibu, kama mtu anayekusemesha huku ameegemea bega lako. Haivuki kitanda. Nami sitaki ivuke kitanda. Kitabu chako kimesema kweli, mwanangu, ila hakikuuliza nani anasikiliza.

Nitafutie. Na ule chakula, usishibe karatasi.

Mjomba wako

9 Machi

Mjomba mpenzi,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa mgonjwa wetu.

Nimelipata kwa kinyozi, likining'inia kando ya kioo, limetundikwa taulo. Rangi imechakaa, lakini shingo imenyooka. Nililipiga palepale, na nakiri kwamba wateja wawili waliacha kubishana.

Hata hivyo, nimeipima hoja yako nikaiona ina pengo. Sauti hafifu humlazimu msikilizaji kuitegea sikio, na kutega sikio ni kazi. Mgonjwa hapaswi kufanya kazi. Kwa hiyo nililipeleka kwa fundi, naye amezichonga zile mbavu zikawa nyembamba. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilimsomea ukurasa mzima wa kile kitabu. Sasa linaimba. Nimelituma kwa basi la leo, utanishukuru.

Mpwa wako

20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Wiki sita sijasikia neno. Watu wa basi wanasema mzigo uliuchukua mwenyewe. Mama anasema ukimpigia simu unauliza hali ya kila mtu isipokuwa mimi. Nijibu, hata kwa kunitukana. Mkazamjomba yu hali gani?

Mpwa wako

2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua tatu nilizokuandikia nimezichana. Zilikuwa na maneno ambayo nisingependa dada yangu ayaone.

Siku gitaa lilipofika, mkazamjomba wako alichana nywele, akaketi kitandani kama anayesubiri wageni. Nikapiga. Alivumilia nusu ya ubeti, akitabasamu kwa ajili yangu, kisha machozi yakamtoka kwa maumivu. Nikalipandisha juu ya kabati pamoja na lile kubwa, nikakukasirikia kama sijawahi kumkasirikia mtu. Ulikisoma kitabu, ukalisoma gitaa, mgonjwa hukumsoma.

Wiki iliyopita ni yeye aliyesema, "Nenda jikoni, ufunge mlango." Nikalishusha lile dogo, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikapiga polepole. Mara ukuta ukagongwa. Niliacha, nikakimbilia chumbani nikijua nimemuumiza tena.

"Ubeti wa pili umeuruka," akaniambia. "Rudi."

Tangu hapo napiga kila alasiri, na nikikosea nagongewa. Usiniletee gitaa jingine, wala fundi. Jambo moja tu ndilo linalonisumbua: zamani nilipiga nikimtazama yeye. Sasa natazama sufuria.

Mjomba wako

11 Mei

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia anagonga ukuta.

Nimekosa. Nilianza kuandika sababu zangu, zikafika kurasa nne, nikazitupa.

Nimeomba likizo, Ijumaa nitafika. Wewe utakaa jikoni, mimi nitakaa kando ya kitanda, mlango ukiwa umefungwa. Kila wimbo ukiisha, nitakuja kukueleza uso wake ulikuwaje. Nitasema nilichokiona tu, bila kuongeza neno.

Mpwa wako