Reli Juu ya Mlango wa Urojo

Shikamoo Bibi yangu,

Kituo cha treni alikofanya kazi baba yako hakipo tena. Nyuma ya Ngome Kongwe nimekuta pikipiki zimeegeshwa na watalii wakipigana picha. Watu wanne niliowauliza wote wamenicheka: "Treni, hapa Unguja?" Vilevile Mjomba Hamadi anavyokucheka huko Tanga, kwamba unaota.

Nikaingia kwa muuza urojo nimenuna. Kuinua macho, chuma kilichobeba ukuta juu ya mlango ni kipande cha reli! Miaka ishirini nachomelea vyuma, reli hainipotei. Nikapanda kiti nikakigonga kile chuma.

"We baba, umekuja kula au kununua nyumba?" akauliza Bi Zuhura, mwenye urojo.

"Reli hii imetoka wapi?"

"Kituoni, hapo nyuma. Treni ya Bububu ilipokufa, babu yangu akaibeba reli hii. Haya shuka, urojo unapoa."

Nimekula mabakuli mawili, moja la kwako. Kadi hii nimekataa kuitia bahasha makusudi, kila atakayeishika njiani aisome, na ikifika, Mjomba akusomee yeye mwenyewe, kwa sauti.

Mungu akutunze, Bibi.

Mjukuu wako,
Salum